Zafarani na ndugu zake: kuotesha krokasi za vuli kwa matunguu na kwa mbegu

Mtandaoni zinauzwa pakiti za "mbegu za zafarani" kwa bei ya kuvutia, juu yake picha ya maua ya zambarau yenye nyuzi nyekundu. Usitoe hata senti. Zafarani haizai mbegu. Mmea wenyewe, Crocus sativus, mmoja wa jamii ya maua iitwayo krokasi, una seti tatu za kromosomu badala ya mbili, jumla 24, na seti tatu hazigawanyiki sawasawa pale mmea unapotaka kutengeneza chavua na mayai yake. Ua hufunguka, hunukia, hunyauka, basi. Tangu watu waanze kuupanda, mmea huu umeenezwa kwa mikono yao, tunguu kwa tunguu, yaani kwa lile shina nene la chini ya ardhi linalofanana na kitunguu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba umetokana na krokasi ya mwituni ya Ugiriki iitwayo Crocus cartwrightianus, ya upande wa Attica, karibu na Athens.

Lakini zafarani ina ndugu wengi wanaochanua vuli kama yeye, majira ya Ulaya ya majani kupukutika, na hao huzaa mbegu bila taabu. Kwa hiyo kuna njia mbili: zafarani kwa matunguu, ndugu zake kwa matunguu au kwa mbegu. Nazieleza zote mbili, kwa ajili ya sisi tunaoishi Uingereza na nchi za Ulaya ya magharibi, na kwa walioko sehemu za Amerika Kaskazini ambako baridi si kali kupita kiasi. Walioko Unguja, Mombasa, Dar es Salaam au Muscat wasijisumbue kuipanda uani. Krokasi hizi zinataka miezi kadhaa ya baridi ya kweli wakati zina majani, na pwani hakuna kitu hicho.

Kalenda imepinduka

Kabla ya jembe, ingiza hili kichwani, maana makosa karibu yote hutoka hapa. Mimea tuliyoizoea huamka ikipata joto. Hii hufanya kinyume. Kuanzia Juni hadi Agosti imelala chini ya ardhi, mikavu, haina jani wala mzizi. Ubaridi wa Septemba ndio huiamsha: inatoa mizizi, inachanua Septemba hadi Novemba kutegemea aina, inakaa na majani majira yote ya baridi au inayatoa machipuko yanapoingia, na kufikia Mei au Juni majani yanakauka inalala tena. Kwa hiyo unapanda mwisho wa majira ya joto, unamwagilia kipindi ambacho wenzako wameshafungia mpira wa maji stoo, na wakati kila mtu anamwagilia nyanya zake wewe unaacha kitalu cha krokasi kikauke.

Kwa zafarani ukavu huo una kazi maalumu. Ua la mwaka huu hutengenezwa ndani ya tunguu wakati wa joto, na linapendelea nyuzijoto 23 hadi 27. Baadaye halijoto ikishuka hadi karibu 17, ua husukumwa nje. Majira ya joto yakiwa ya mawingu na mvua tupu, utapata majani mengi na maua ya kuhesabu kwa vidole. Si kosa lako.

Hatua ya kwanza: chagua aina

Zafarani nimeshaitaja. Ni ya kula na ya kutazama, lakini ina madai yake: jua, udongo usiotuamisha maji, subira.

Ndugu aliye rahisi kuliko wote ni Crocus speciosus. Asili yake ni Uturuki, Kaukazi na nchi jirani. Ua lake ni kubwa, la samawati iliyochanganyika na zambarau, lenye mishipa myeusi kidogo utakayoiona ukiinama karibu, na katikati nyuzi za rangi ya chungwa zilizochanika vipande vipande kama ncha ya kamba kuukuu. Huchanua likiwa tupu, bila jani hata moja. Majani huja baadaye. Linastahimili udongo wa kawaida wa Uingereza, linastahimili kivuli chepesi chini ya miti inayopukutisha majani, linazaa mbegu na kujipanda lenyewe kwenye ukoka. Ukitaka kujifunza kuotesha kwa mbegu, anza na huyu.

Crocus pulchellus ni wa rangi ya bluu hafifu mwenye koo la njano na chavua nyeupe, naye huzaa mbegu vizuri, ila ukimweka karibu na speciosus watachanganyika. Wapo wanaopenda machotara hao; mimi pia. Crocus nudiflorus hutambaa chini kwa chini kwa vikonyo na hupenda unyevu, kwa hiyo mweke kwenye nyasi, si kwenye kitalu kikavu. Crocus goulimyi wa Peloponnese, kusini mwa Ugiriki, ni mzuri sana kwenye chungu na huongezeka haraka. Na huyo cartwrightianus, mzazi wa zafarani, anafaa kwa mtu anayetaka nyuzi nyekundu na mbegu pia. Maua yake ni madogo kuliko ya mwanawe.

Kuwa mwangalifu na Crocus kotschyanus. Wenyewe ni mmea mzuri, lakini matunguu yake mengi ya bei rahisi madukani ni ya ukoo usiochanua vizuri. Utapanda, utaona majani, utangoja ua miaka nenda miaka rudi.

Usichanganye na kolchikamu

Kuna ua jingine linalochanua vuli bila majani, linafanana na krokasi, na maduka mengine huliuza kwa jina la krokasi ya vuli. Hilo ni Colchicum, kolchikamu, nalo ni sumu kali sehemu zote. Sumu yake, kolchisini, haina dawa ya kuitangua, na watu wameshafariki kwa kula majani yake wakidhani ni kitunguu saumu cha porini. Nyumba yenye watoto na mpishi anayechuma nyuzi kwa ajili ya biriani haitaki kosa hilo.

Kutofautisha si kazi. Fungua ua uhesabu vijiti vyenye chavua: krokasi ina vitatu, kolchikamu ina sita. Majani ya krokasi ni membamba kama ya nyasi na yana mstari mweupe katikati. Ya kolchikamu ni mapana na hayana mstari. Tunguu la krokasi la kawaida halizidi sentimita 3 au 4 kwa upana, la kolchikamu ni kubwa na limepinda upande. Kama huna uhakika, usile.

Hatua ya pili: nunua matunguu mapema

Agiza Juni au Julai, yakufikie Agosti. Yanayobaki madukani mwishoni mwa Septemba mara nyingi yameshatoa ua ndani ya mfuko, jeupe na lililojikunja. Tunguu la zafarani halihitaji hata udongo ili lichanue. Liweke kwenye sinia chumbani, vuli ikifika litatoa ua. Huko Kashmir wapo wakulima wanaochanulisha hivyo kwenye trei ndani ya nyumba. Lakini baada ya ua lazima liingie ardhini, la sivyo halitakuwa na cha kulilisha mwaka unaofuata.

Matunguu huuzwa kwa mzunguko wa kiuno chake. Ya sentimita 10 na zaidi huchanua vuli hiyohiyo, tena ua zaidi ya moja. Yaliyo chini ya 7 yatakupa majani tu mwaka wa kwanza. Ukinunua madogo kwa sababu ni rahisi, jua unanunua mwaka wa kusubiri.

Yafinye moja moja. Lililo zima ni gumu, zito kwa ukubwa wake, limevikwa ganda la kahawia lenye nyuzinyuzi kama wavu. Linalobonyea, lenye doa la buluu la ukungu au harufu ya uozo, rudisha dukani. Usilimenye ganda ukidhani unalisafisha. Lile ndilo koti lake.

Hatua ya tatu: mahali na udongo

Tafuta sehemu inayopata jua angalau saa sita, hasa chini ya ukuta unaotazama kusini. Udongo wa mfinyanzi unaoshika maji majira ya baridi utayaozesha. Kama ndio ulio nao, na sehemu kubwa ya Uingereza ndio huo, inua kitalu sentimita 20 au 30 kwa mbao, ujaze mchanganyiko wa udongo na changarawe ndogo, karibu sehemu mbili kwa moja. Chumba cha ghorofani chenye roshani pia kinatosha: chungu chenye kina cha sentimita 25 na matundu chini.

Samadi mbichi hapana. Mboji iliyoiva kidogo, ndiyo. Udongo wenye naitrojeni nyingi hutoa majani manene na matunguu yanayooza.

Inafaa kukumbuka kwamba mmea huu uliwahi kuwa zao la kweli la Uingereza. Mji wa Saffron Walden, katika Essex, ulipata jina lake hilo kwa zafarani iliyolimwa pale karne ya 16 na ya 17. Mahali penyewe pana mvua chache kuliko magharibi ya nchi, na udongo wa chokaa unaopitisha maji. Ukiwa Manchester au Glasgow, panda kwenye vyungu na uviweke chini ya paa la kioo kuanzia Juni ili vikauke.

Hatua ya nne: panda

Agosti hadi katikati ya Septemba. Zafarani iingie chini sentimita 10 hadi 15, na kati ya tunguu na tunguu acha 10. Ndugu zake wadogo sentimita 8 hadi 10 zinatosha. Watu hupanda juujuu kwa huruma; matokeo yake tunguu hugawanyika vipande vidogo visivyochanua, na panya hulifikia kirahisi.

Upande wa juu ni ule wenye ncha au vichipukizi. Wa chini ni bapa, una alama ya duara. Ukishindwa kuutambua, lilaze ubavu, litajinyoosha. Kwenye udongo mzito weka kitanda cha changarawe chini ya tunguu, kisha fukia, mwagilia mara moja ya kutosha, uweke kibao chenye jina na tarehe. Usikose kuweka kibao. Julai ijayo hapo patakuwa patupu kabisa, na mtu atakuja kulima.

Kwenye ukoka, usichimbe shimo moja moja. Kata bamba la nyasi kwa sepetu, likunje nyuma, legeza udongo, panga matunguu ya speciosus bila mpangilio, rudisha bamba, likanyage taratibu. Kisha mashine ya kukatia nyasi isipite hapo kuanzia maua yanapochomoza hadi Juni.

Kindi ndio adui mkubwa mjini. Huja dakika ulipoondoka. Laza juu ya kitalu wavu wa waya wa mabanda ya kuku, wenye matundu ya sentimita 2.5, ufukie kidogo. Maua yatapita katikati. Pilipili ya unga watu huipendekeza, lakini mvua moja tu na imekwisha. Konokono, wenye nyumba na wasio nazo, hula maua usiku, basi toka na tochi.

Hatua ya tano: kuvuna zafarani

Maua hutoka kwa mpigo, kwa wiki mbili au tatu za Oktoba na Novemba. Lililofunguka leo, kesho limelegea, na mvua huliangusha. Toka asubuhi kabla jua halijashika, ua likiwa bado limefumba nusu, ulikate lote kwa kucha. Ndani, mezani, fungua petali utaona vijiti vitatu vya njano vyenye chavua na nyuzi tatu nyekundu zinazoning'inia. Zitoe hizo nyekundu kwa kibano, uache kipande cheupe kilichoko shinani, hakina ladha.

Zitandaze kwenye karatasi nyeupe, si kitambaa, maana zinashika. Weka kwenye oveni ya nyuzijoto 50 hadi 60 mlango ukiwa wazi kidogo, uchungulie kila baada ya dakika kumi. Zimekauka pale zinapovunjika badala ya kupinda. Zitakuwa zimepoteza karibu asilimia 80 ya uzito, usishtuke. Tia kwenye kichupa cha glasi, fungia kabatini gizani, na uvumilie mwezi mmoja kabla ya kutumia. Mbichi kutoka kwenye oveni hunukia kama majani makavu. Harufu tunayoijua hujijenga polepole.

Sasa hesabu. Gramu moja kavu inataka maua kama 150. Kwa matunguu 50 mwaka wa kwanza hutafikia gramu. Lakini sufuria moja ya biriani inataka nyuzi 30 tu, yaani maua 10. Zisage kinuni na sukari kidogo, roweka kwenye vijiko viwili vya maji ya moto au maji ya waridi kwa nusu saa, mwagia juu ya wali. Vilevile kwa halwa. Anayeandika kombe kwa wino wa zafarani naye atafurahi kujua ilikotoka, kwa sababu sokoni kinachouzwa kama zafarani mara nyingi ni rangi tupu. Kujaribu ni rahisi: uzi halali ukiutia kwenye maji baridi hutoa njano polepole na wenyewe hubaki mwekundu, wa uongo humwaga wekundu mara moja na kubaki umepauka.

Hatua ya sita: baada ya ua, waache

Hapa ndipo tunguu la mwaka ujao linapotengenezwa. Tunguu ulilopanda haliishi miaka. Linaliwa na mmea wenyewe, na jipya huota juu ya mgongo wake, pamoja na vitoto pembeni. Chakula cha kujenga hilo jipya hutoka kwenye majani. Ukiyakata, ukiyafunga mafundo yapendeze, au ukiyapitishia mashine, umekata maua ya mwaka ujao. Februari na Machi mwagia mbolea ya maji inayouzwa kwa ajili ya nyanya, yenye potasiamu nyingi, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Yakishageuka njano Mei, acha kumwagilia.

Hatua ya saba: kutoka kwenye mbegu

Kwa speciosus, pulchellus, goulimyi na cartwrightianus.

Wengi hukosa mbegu kwa sababu hutafuta mahali ua lilipokuwa. Ua la krokasi halina bua. Kile kikonyo cheupe kirefu ni mrija wa ua lenyewe, na kifuko cha mbegu kimebaki chini ya ardhi karibu na tunguu. Kinakaa huko majira yote ya baridi. Mwezi wa nne, wa tano au wa sita ndipo kinapandishwa juu na kijiti chake, na utakiona kimekaa juu ya udongo kati ya majani yanayonyauka: kifuko cha mviringo, kwanza kijani, kisha rangi ya majani makavu. Kikianza kupasuka nchani, kichukue siku hiyo. Sisimizi wanaivizia kuliko wewe, maana kila mbegu ina kijinyama cha mafuta wanachokipenda, na wakishaibeba utaiona miaka mitatu baadaye katikati ya njia ya matofali.

Panda mbegu zikiwa mpya, mwaka huohuo, mwisho wake Septemba. Chungu kiwe kirefu, sentimita 12 au zaidi. Jaza mchanganyiko wa udongo tifutifu na changarawe nusu kwa nusu, nyunyiza mbegu zisigusane, funika sentimita moja ya udongo, kisha sentimita moja ya changarawe ili utando wa kijani usishike juu. Weka nje, mahali penye kivuli chepesi na pasipopitwa na kindi. Hazihitaji joto la ndani; ubaridi ndio unaozifungua. Usifunike na plastiki.

Kinachotoka kati ya vuli na machipuko ni jani moja jembamba sana, na mtu asiyejua huling'oa akidhani ni nyasi. Likikuchanganya, tazama ncha: hutoka imesimama wima, ngumu kama sindano. Mbegu zilizohifadhiwa kavu muda mrefu huweza kulala mwaka mzima mwingine, kwa hiyo usimwage chungu kilichokaa kimya.

Mwagilia mche ukiwa na jani. Jani likikauka, punguza maji lakini usiache chungu kiwe jivu juani. Matunguu haya machanga ni madogo kama punje ya mchele na hukauka upesi. Waache humo kwa misimu miwili bila kuwagusa. Ukimwaga chungu kabla ya hapo utapekua udongo wa juu na kudhani hakuna kitu. Mizizi yao hujikunja na kuvuta tunguu chini, na wengi utawakuta wamebanana kwenye sakafu ya chungu, juu ya matundu. Baada ya msimu wa pili, Agosti, wahamishie kitaluni au uzamishe bonge zima la udongo ardhini kama lilivyo. Ua la kwanza hutarajiwa mwaka wa tatu au wa nne, na kila mche ni wa kipekee: mmoja umepauka, mwingine una mishipa mizito, mwingine petali zimechongoka. Ukimpenda mmoja kuliko wengine, mtenge na umzidishe kwa vitoto vya tunguu lake, kwa kuwa mbegu zake hazitarudi vilevile.

Hatua ya nane: kung'oa na kugawanya

Baada ya miaka minne au mitano zafarani hujazana. Dalili yake ni majani kama nyasi nene na maua machache. Ng'oa Juni au Julai majani yakishakauka, kwa uma wa bustani, ukianzia mbali na kundi. Kung'uta udongo, ondoa tunguu kuukuu lililobaki kama kisahani kikavu chini ya jipya, tenga kwa ukubwa. Lolote lenye doa jeusi linalozama au lililolainika, litupe kwenye taka, si kwenye mboji. Kundi ambalo majani yake yalikuwa na michirizi ya njano na maua yaliyopinda lina virusi, litoe lote.

Makubwa yarudi kitaluni, mahali pengine kabisa, maana ugonjwa wa kuoza hubaki kwenye udongo uleule. Kama huna mahali pengine, toa udongo wa sentimita 20 za juu uweke mpya. Ukitaka kusubiri hadi Agosti, yahifadhi kwenye mfuko wa karatasi chumbani penye joto na hewa, kamwe si kwenye friji. Madogo yapande kwa safu pembeni, karibu karibu, uyape msimu mmoja au miwili ya kunenepa. Hayo ndiyo ya kumpa jirani akikuomba, na mwambie mapema kwamba mwaka wa kwanza hataona ua.